Wivu wa Mbwana na Ng'ombe Aliyeyeyuka

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Masuguru, mjini Korogwe. Mbwana Semkiwa anatengeneza chungwa. Ameshachora duara kwenye kompyuta, na sasa anaifanya rangi yake ipite polepole, kutoka njano ya mwanga, hadi rangi iliyoiva, hadi kahawia pembezoni. Wenye kazi yao wanauita mpito. Anakishika kitovu cha mwanga kwa kipanya, anakisogeza juu kushoto, anakirudisha, anakisogeza tena. Duara linavimba mpaka mtu mwenye kiu angelinyooshea mkono.

Chini ya chungwa analaza umbo jeusi, kisha analipunguzia uzito, asilimia baada ya asilimia, hadi mbao za meza zinaonekana kupitia humo. Hicho ndicho kivuli. Imemchukua saa nzima.

Kwenye kiti cha pili, hatua mbili kutoka kwake, binti aitwaye Naisenya ameshamaliza machungwa matano na kikapu chake. Mbwana hajageuka kutazama. Anasema hana haja, kwani anajua ni mazuri, na hilo ndilo linalomkera.

Anasubiri binti atoke kwenda kununua maandazi, ndipo anamwambia mwandishi wa gazeti lililomkaa rohoni.

"Andika tu, usinifiche. Namwonea wivu. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto wanne, na namwonea wivu mtoto wa miaka ishirini na mitatu."

Siku yenyewe si ya mchezo kwake. Kabla jua halijazama anatakiwa ampe jibu Bonaventura, mwenye duka hili la kuchapa vibao na matangazo. Bonaventura anafungua chumba kingine Handeni mjini na atahamishia huko kompyuta kuukuu. Mbwana akitaka, Handeni ni yake: atakuwa mkubwa wa chumba, hana wa kumwuliza. Akitaka kubaki Korogwe abaki, ila mwenye kauli juu ya kazi zote za picha atakuwa Naisenya. Kwa nini imefika hapo, kisa kinaanza na brashi na kinapita kwa ng'ombe.

Mbwana ni mzaliwa wa Kwamsisi, wilayani Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi. Alikuja Korogwe kwa baiskeli mwaka 1985 na makopo mawili ya rangi. Enzi hizo duka la ushirika lilikuwa moja na kibao chake kimoja, herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, basi.

Kisha ikaja ruksa ya biashara kwa kila mtu. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara akafungua duka, na kila duka likataka kibao kinachong'aa kuliko cha jirani. Mwaka 1992 pekee alichora vibao zaidi ya mia mbili. Hiyo ni hesabu yake mwenyewe, na Mbwana si mchoyo wa chumvi.

Sifa yake ilikuwa kuunganisha rangi mbili zikiwa mbichi, usione zilipokutania. Wenye mabasi walimfuata mpaka nyumbani awachoree anga la jioni mgongoni mwa basi. Alikuwa fundi, na alijua kuwa ni fundi.

Soko huria lililompa kazi ndilo lililoleta mashine za kuinyang'anya. Bonaventura alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika la umma; kiinua mgongo chake alikitia kwenye kompyuta, akaanza kuchapa vibao vya karatasi ya gundi. Brashi ikakauka. Mwaka 2001 Mbwana akameza fahari yake, akaenda kuomba kazi kwa mtu aliyemharibia kazi.

Kipanya kilimtesa. Alikishika kwa vidole vitatu kama brashi, kikamtoroka. Ilimchukua karibu miaka miwili kukizoea, na hapo Bonaventura akaleta programu ya kuchora picha zinazotembea. Tangu hapo kazi yake ni matangazo ya nusu dakika, yanayorekodiwa kwenye mkanda na kuonyeshwa katika vibanda vya video kabla filamu haijaanza. Mtaani wanayaita katuni. Mwezi mzuri humwingizia shilingi sitini elfu, na mwezi mbaya hapendi kuuzungumzia.

Alikuwa peke yake katika kazi hiyo, na alikuwa na raha zake.

Naisenya aliingia mwaka jana. Ni mtoto wa wafugaji wa upande wa Kang'ata, kamaliza kidato cha nne, kasoma kompyuta Tanga miezi minne tu. Wiki ya tatu akachora glasi ya maziwa kwa tangazo la mgahawa. Glasi unaiona, maziwa unayaona, na nyuma ya glasi unauona ukuta. Mwenye mgahawa akauliza ni kazi ya nani, na Mbwana akajibu upesi kwamba ni yetu sisi.

Siku hiyo chakula hakikushuka. Mkewe, Mwaija, alidhani ana malaria.

Tangu hapo, anakiri, roho yake haikutulia. Aliwahi kugundua njia ya kugeuza mpito ufuate mkunjo wa umbo, akaificha. Binti alipomwuliza, akamwambia programu yao haina kitu hicho. Siku mbili baadaye Naisenya alikipata mwenyewe, akamwita kwa furaha amwonyeshe. Mbwana ikabidi ajifanye kashangaa.

Lililo baya zaidi, binti ana adabu. Kila asubuhi humwamkia, "Shikamoo, Baba Ikram," kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na humletea chai. Hata kumchukia hampi nafasi.

Mwezi uliopita ndipo akaja Stefano, mwenye duka la dawa za mifugo Handeni. Alitaka katuni ya dawa ya minyoo, ya kuonyeshwa mnadani Kang'ata: ng'ombe mgonjwa anakunywa dawa, ng'ombe anapona. Bonaventura akaona hiyo ndiyo mizani. Kila mmoja achore yake, wafugaji wachague, na atakayechaguliwa ndiye atakayeshika kazi za picha Korogwe.

Mbwana akalala na kuamka na ng'ombe. Siku ya tatu, Naisenya alipotoka kwenda kula, akaifungua kazi yake. Ndiyo, anasema, aliifungua, na haya anayo. Akakuta ng'ombe mweupe wa mabaka ya kahawia, kajazwa rangi kavu kama ya kitabu cha shule, na mpito mmoja tu, chini ya tumbo. Juu ya ng'ombe kulikuwa na utando mweusi mwepesi usio na maana. Mbwana akadhani binti kasahau kuufuta. Akafunga, akachekea moyoni.

Wa kwake akampa mipito kumi na mmoja. Shingo, bega, mgongo, paja, hata kwato. Kahawia iliyeyuka kwenye rangi ya maziwa, maziwa yakayeyuka kwenye kahawia, hapana baka wala mpaka. Kompyuta ikawa inakohoa kila akiichezesha. Mwaija, aliposikia habari za mipito kumi na mmoja, alimkumbusha yaliyompata aliyemwiga tembo. Methali hiyo inajulikana, na sehemu yake ya mwisho haiandikiki gazetini.

Ujanja wake mkubwa aliuweka kwenye kupona. Alichora ng'ombe wawili, mgonjwa wa kijivu na mzima anayeng'aa, akawapandanisha. Mgonjwa akishakunywa dawa, anapunguzwa uzito polepole, mia, hamsini, kumi, sufuri. Na huyu wa chini anapanda vilevile, sufuri hadi mia. Mbele ya macho yako mmoja anayeyuka na mwingine anatokeza. Bonaventura alipouona alipiga makofi. Naisenya naye alisema ni kazi nzuri sana, akaonekana anasema kweli.

Mnada ukawa Jumanne. Stefano alipakia jenereta, deki na televisheni kwenye gari lake, wakaikinga kwa turubai ili jua lisiue picha. Wafugaji wakasogea na fimbo zao. Mbele yao akasimama mzee Keriako, mwenye ng'ombe wengi kuliko anavyopenda watu wajue.

Kazi ya Mbwana ikaanza. Ng'ombe wa kijivu akanywa dawa. Akafifia, akawa kama moshi, akaisha. Akatokea yule wa kung'aa. Mbwana alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Kisha mzee Keriako akanyoosha fimbo kwenye kioo.

"Huyu si yule. Yule mgonjwa mmempeleka wapi?"

Stefano akaeleza kwamba ni yuleyule, kapona. Mzee akatikisa kichwa. Ng'ombe, alisema, anajulikana kwa ngozi yake. Kila baka na kila rangi ina jina kwa Kimaasai, na kwa jina hilo mtu humtafuta akipotea, humdai akiibwa. Yule wa kwanza alikuwa wa kijivu. Huyu wa pili hata jina hana, maana hakuna ng'ombe anayeanza kahawia akamalizia maziwa bila mpaka. Kijana mmoja nyuma akasema yeye hanunui dawa inayokuachia ng'ombe wa jirani, halafu mwenye ng'ombe aje na polisi. Kicheko kikazunguka mnada mzima, hata wauza shuka wakaja kuuliza kuna nini.

Mbwana anasema alitamani ajipunguze uzito yeye mwenyewe, mpaka sufuri.

Ikafuata kazi ya Naisenya. Ng'ombe mweupe wa mabaka ya kahawia, kichwa chini, masikio yamelala. Ule utando mweusi mwepesi ulikuwa umemlalia mwili mzima, umeuzima mng'ao wake na kuzichora mbavu. Akanywa dawa. Utando ukaanza kufifia, mbavu zikapotea, masikio yakainuka, na mabaka yakawa palepale, baka kwa baka, tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Keriako alimtaja yule ng'ombe kwa jina la rangi yake kabla katuni haijaisha, na wenzake wakaitikia.

"Ng'ombe hakumgusa," anasema Mbwana, na sauti yake inashuka. "Alichofifisha ni ugonjwa. Mimi nilimfifisha ng'ombe. Na ule utando niliuona kwa macho yangu, nikaucheka."

Stefano alichukua kazi ya binti papo hapo. Njia nzima ya kurudi, Naisenya hakutamba hata kidogo. Aliongea habari za barabara na mvua. Mbwana anasema binti angetamba, yeye angepona.

Ndiyo maana Bonaventura, kwa kumwonea haya mtu mzima, akaitoa ile nafasi ya Handeni. Mwaija anataka aichukue. Ana hoja: mwanamume wa umri wake kupangiwa kazi na mtoto wa juzi ni aibu ya bure, na Handeni ni karibu na kwao. Jirani zake wote wanasema aende. Nafsi yake pia, Mbwana anasema, ilimwambia aende, tena haraka.

Mchana wote amekuwa akilipaka chungwa lake na kulifuta. Alasiri anaweka kipanya chini.

"Handeni nitakuwa mkubwa na nitapumua. Hakuna wa kunipita, kwa hiyo wivu utaisha," anasema. "Lakini miaka miwili nilipokuwa peke yangu hapa, sikujifunza kitu. Yote ninayoyajua, nimeyajua tangu huyu binti alipoanza kuniumiza roho. Wivu ukiisha, nani atanisukuma?"

Saa kumi na moja anamwendea Bonaventura na kumwambia kwamba anabaki. Bonaventura anamwuliza mara mbili kama ameelewa atakuwa chini ya nani. Ameelewa.

Kisha anafanya jambo ambalo, kwa kauli yake, limemshinda tangu mwaka jana. Anakivuta kiti chake hadi kwenye meza ya Naisenya.

"Mwanangu," anamwambia, "nifundishe."

Mpango wake ni mmoja, na ameomba uandikwe kama ulivyo: atajifunza kwa binti yote anayoyajua, na akishayamaliza, atamshinda. Ameutaja mbele ya mwenyewe, bila kutabasamu. Naisenya ameusikia, amecheka kidogo, akasogeza kiti chake ampishe.