Kiti cha Kushoto

Iko siku moja naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu. Weka spana chini kwanza, ukae hapo kwenye debe. Najua umeshafunga gurudumu la kushoto na mwenye gari anakuja saa tisa. Akija mapema atangoja. Kuna neno nataka kukuambia kabla hajaliondoa gari hapa uani kwangu, na ni neno la siku ambayo nusura niue watu wanne kwa kiburi changu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Usicheke, haya magoti yanayolia kila nikiinuka yaliwahi kushinda chini ya magari kutwa nzima. Nilikuwa nimetoka nyumbani Bungoma na cheti cha ufundi, nimepanga chumba Uthiru, na kazi yangu ilikuwa katikati ya jiji, kwenye gereji iliyojificha nyuma ya maduka ya spea. Mwenyewe alikuwa Mzee Jaswant, Singasinga mwenye kilemba cheupe ambacho sikuwahi kukiona na tone la grisi, ingawa mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Sote tulimwita Mzee Jasu. Kazi yake kubwa ilikuwa magari kuukuu yanayovutwa na magurudumu yote manne, kama hili lililoko mbele yako. Gereji nyingine zote nilizobisha hodi zilinipa ufagio. Yeye alinipa nyundo.

Sasa habu wewe unaijua, kile kitovu cha gurudumu. Ukitoa kofia ya nje unakuta nati mbili kwenye ekseli. Ya ndani inakaza beringi, ya nje inaizuia ya ndani isilegee. Katikati yao inakaa washa ya bati laini, unaikunja kwa tindo, upande mmoja ulalie nati ya ndani na upande wa pili ulalie ya nje, na hapo hakuna nati itakayojizungusha. Washa huwa mpya kila mara, maana bati lililokwisha kukunjwa hukatika. Mzee Jasu alikuwa na namna yake ya kulikunja: mapigo mawili mepesi, moja zito. Ti, ti, ngo. Hata ukiwa chooni ulijua ni yeye anafunga habu. Akimaliza alipaka tone la rangi ya njano juu ya nati, kuonyesha kwamba ameiona washa kwa macho yake imekunjwa.

Halafu kulikuwa na sharti moja ambalo sijalikuta gereji nyingine yoyote. Aliyefunga habu ndiye aliyekaa upande ule gari likijaribiwa. Umefunga kulia, unaendesha wewe, au unakaa nyuma ya dereva. Umefunga kushoto, unakaa kiti cha kushoto, juu ya gurudumu lako mwenyewe. Tulipanda Waiyaki Way hadi Uthiru na kurudi, kisha unagusa kila habu kwa nyuma ya kiganja uone kama imepata moto. Mvua inyeshe, mteja agombe, ilikuwa lazima. Nilimwuliza sababu mara moja tu, akasema, "Gereji yangu iko hivyo," akageuka.

Siku hiyo Mzee Jasu alikuwa ameenda kwenye hekalu lao. Alienda tarehe ileile kila mwaka, na hakuna aliyejua anakwenda kuomba nini. Mafundi wengine wawili walikuwa wametoka kulivuta gari lililokwama. Nikabaki peke yangu na gari la Mwalimu Odera, mtu wa Uthiru, aliyekuwa anataka kusafiri alasiri hiyohiyo na mkewe na watoto wawili hadi kwao Siaya. Unaijua ile njia ya kuteremka bondeni. Ukiwa unatoka Nairobi, mlima uko kulia kwako, na kushoto hakuna kitu ila hewa.

Habu ya kulia nilikuwa nimeimaliza vizuri kabla hajafika. Ya kushoto alinikuta nayo imefunguliwa, akasimama juu ya kichwa changu akitazama saa.

"Msichana, leo hakuna fundi mwanamume hapa?"

"Wapo, Mwalimu," nikamjibu, "lakini wale wanachelewa."

Hakucheka. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Sitakuficha, nilitaka anione. Nikaijaza beringi grisi kwenye kiganja hadi ikatokea upande wa pili, nikaingiza, nikakaza nati ya ndani, nikairudisha kidogo, nikalizungusha gurudumu likaenda laini bila mlio. Nikafunga nati ya nje. Nikachovya kijiti kwenye rangi ya njano na kupaka, halafu kofia, halafu bolti zake, mbio mbio. Nilipomwambia kuna safari fupi ya kujaribu gari, akanitazama juu ya miwani.

"Kwani wewe mwenyewe huiamini kazi yako?"

Hapo alinishika pabaya. Nikampa funguo. Nikasimama mlangoni kumtazama akiingia barabarani, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Nairobi.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya jiji, ndani ya gereji kukawa na giza la jioni. Nilikuwa nanawa mikono kwa mafuta ya taa nilipoisikia.

Ti, ti, ngo.

"Mzee, umerudi?" nikauliza. Kimya. Nikafikiri amepita mlango wa nyuma, lakini mlango wa nyuma ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa upande wangu.

Ti, ti, ngo. Ilikuwa inatoka kwenye meza ndefu ya kazi. Hakukuwa na mtu mezani. Tindo lilikuwa limelala kwenye trei yake, na nyundo ndogo ilikuwa inaning'inia msumarini, imetulia tuli. Nikajiambia ni matone ya mvua juu ya mabati. Nikachungulia nje. Mvua ilikuwa haijaanza, barabara ilikuwa kavu.

Niliogopa, mwanangu. Mimi si mtu wa kuogopa vivuli, lakini siku hiyo nilitaka kukimbia. Ikagonga mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemngoja mwanafunzi mzito. Nikasogea. Ilikuwa chini ya kitambaa nilichofutia grisi. Nikakishika ncha, nikakiinua, na sauti ikakoma.

Chini yake palikuwa na washa mpya, ndani ya karatasi yake. Karatasi haikuwa imefunguliwa.

Nilikuwa nimepaka rangi ya njano juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Nati mbili zilikuwa zinazunguka barabarani bila kitu cha kuzishika, na juu yake Mwalimu alikuwa anakwenda kuwapakia mkewe na wanawe. Hatukuwa na simu za mkononi wakati ule. Nilianza kulia kama mtoto, na Mzee Jasu akaingia akanikuta hivyo, karatasi mkononi.

Nikamweleza yote. Alikuwa anasikiliza huku anatafuta funguo za pikapu, mpaka nilipofika kwenye ile sauti. Akasimama.

"Wewe nasikia vipi?"

Nikagonga meza kwa kucha: ti, ti, ngo. Uso wake ukabadilika rangi.

"Kushoto ama kulia?"

"Kushoto, Mzee."

"Twende. Haraka."

Tulipopita Westlands akaanza kunieleza. Mvua sasa ilikuwa inamwagika, wipa hazifui dafu. Alizungumza akitazama mbele, na nilitamani angenyamaza.

"Leo siku ya Balbir. Ndugu yangu mdogo. Hiyo kugonga si yangu, Nafula. Yangu ilikuwa ingine. Hiyo ni yake, mimi nachukua kwake baadaye." "Mimi nafunga gari ya mteja, kushoto, nasahau washa. Balbir naenda kujaribu peke yake, mimi nabaki nakunywa chai. Upande ya kushoto, gari ikienda mbele, gurudumu nazunguka upande ya kufungua nati. Nafungua yenyewe, pole pole. Gurudumu ikatoka."

Nikaitazama ile karatasi ya washa mapajani mwangu.

"Tangu hiyo siku, mtu akisahau washa, yeye nagonga," akasema. "Mimi nafikiri ni mimi peke yangu nasikia."

Tulilikuta gari mbele kidogo ya stendi ya Uthiru, limeegeshwa kando ya barabara, mizigo juu. Mkewe Mwalimu alikuwa amesimama kwenye majani, watoto wawili wamejibana chini ya mwavuli wake, na Mwalimu alikuwa ndani anapiga honi kwa hasira. Nilipowaona wote wanne, wazima, nikashikilia mlango wa pikapu.

"Afadhali mmekuja," Mwalimu akasema. "Huyu anadai kuna mtu anagonga chini ya kiti chake. Mimi sisikii kitu."

"Sidai, nimesikia!" mama akajibu. "Kutoka tu pale nyumbani. Nikamwambia zima injini, akazima, na bado inagonga. Gari imesimama, inagonga! Mimi siingii hiyo gari tena, hata mniitie chifu."

Mzee Jasu akamwuliza kwa upole inagonga namna gani. Mama akageuza mwavuli, watoto wakalowa, akagonga mlango wa kushoto kwa mpini wake. Mawili mepesi, moja zito. Mzee Jasu akafunga macho kidogo, akasema neno kwa lugha yao, neno moja tu, kama mtu anayemshukuru mwenzake aliye karibu.

Tulilipandisha gari kwa jeki palepale kwenye tope. Nilipotoa kofia, nati ya nje ilikuwa imejirudisha mpaka mwisho, imebaki kushikilia kwa mizunguko miwili. Rangi yangu ya njano ilikuwa juu yake, inang'aa, haijakauka vizuri. Mwalimu aliinama akaitazama, akatazama watoto wake, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Nilingoja Mzee Jasu anitukane. Nilitaka anitukane. Alifungua ile karatasi, akaweka washa kiganjani mwangu na tindo juu yake.

"Funga," akasema. "Rangi napaka kama wewe naona washa. Leo wewe napaka ili watu waone wewe."

Nikafunga, machozi na mvua pamoja. Niligonga vile nilivyofundishwa, ti, ti, ngo, na sijagonga kwa namna nyingine tangu siku ile. Kisha Mzee akamwambia Mwalimu aendeshe hadi Kikuyu na kurudi, na mimi nikakaa kiti cha kushoto, mikono magotini, nikisikiliza. Safari nzima haikusikika sauti yoyote isipokuwa injini. Tuliporudi niligusa habu kwa nyuma ya kiganja, ikawa vuguvugu tu. Mama wa watu akanitazama usoni, akapanda, akaketi pale nilipotoka mimi. Sijawahi kuaminiwa vile na mtu tena.

Mzee Jasu ametutoka miaka mingi sasa, gereji ile ni duka la viatu, na mimi niko hapa Mutuini na ua wangu na magoti yangu. Nimekaa upande wa kila gurudumu nililofunga. Sauti ile sikuisikia tena, na nilikuwa nimeanza kuamini wamepumzika wote wawili, ndugu na ndugu yake.

Leo saa tano, mwanangu, ulipokuwa unafunga hilo gurudumu la kushoto na simu imebanwa begani, mimi nilikuwa jikoni nasuuza vikombe. Nilikuuliza kupitia dirishani unagonga nini. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, "Sijagonga kitu, mathe, labda ni mvua kwa mabati." Tazama hapo uani. Vumbi mpaka langoni.

Sikukemei, nani angenisikiliza mimi nikikemea jambo hili? Wewe ni fundi mzuri, na cheti chako kinapita changu. Ninachokuomba ni kidogo. Mtu akiidharau kazi yako, punguza mwendo, usiuongeze. Ukikatizwa katikati, hata ni mamako mzazi amepiga simu, fungua uanze upya kutoka nati ya ndani. Usitie alama yako juu ya kitu ambacho macho yako hayajakiona, na usimpe mtu kiti ambacho wewe mwenyewe ungeogopa kukikalia.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, mwanangu. Akupe masikio ya kusikia ukiitwa, na wateja warudi kwako na watoto wao wote. Wale waliotutangulia wakuangalie kwa wema, na wasiwe na haja ya kukugongea tena.

Haya, lete jeki. Tukimaliza, dada yako aliyefunga la kulia ataendesha, tutakwenda hadi Uthiru na kurudi. Wewe kaa mbele, kushoto. Mimi nitakaa nyuma yako, upande huohuo.