Kopo la Ugoro la Baba Mkwe

Mke wangu hucheka kila nikianza kisa hiki, lakini hata yeye hathubutu kusema ni uongo. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Enzi hizo za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, nilikuwa mwokota maganda ya risasi. Nilikuwa nayo nusu gunia, ila la jeshi sikuwa nalo hata moja! Ya bunduki za marisau za walowezi yalikuwa ya karatasi, mvua mbili tu yameoza. Ya jeshi yalikuwa shaba tupu, na wazee wa Kiarusha waliyapenda kwa kuwekea ugoro. Nilipokwenda kumposa Naishiye, baba yake, Mzee Lemburisi, hakutaja ng'ombe.

"Niletee ganda la jeshi," alisema. "Mdogo wangu Saitoti aliniahidi moja, akaenda Burma, kimya mpaka leo."

Bila ganda, hakuna mke.

Nikapanda hadi kambi ya jeshi iliyohamwa, juu ya Ngaramtoni. Nilichakura nyasi tangu asubuhi, nikaambulia karatasi. Mvua ikaanza. Mara nikamwona askari amekaa juu ya jiwe, kavaa koti zito.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una ugoro?"

"Ninao, nampelekea Mzee Lemburisi. Lakini vuta kidogo."

Akavuta, akapiga chafya tatu, akacheka. Kisha akatoa mfukoni ganda la shaba, linang'aa. "Mpelekee. Mwambie habari ya yule mbuzi sijamwambia mtu."

Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka: mimi nimelowa chapachapa, koti lake lilikuwa kavu. Unadhani niligeuka kutazama? Thubutu! Nilitimua mbio hadi kwa mzee.

Aliposikia habari ya mbuzi, alikaa chini. "Tulimla mimi na Saitoti tu, porini, tukamwambia baba kaliwa na chui." Machozi yakamtoka, kisha akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote alikuwa akimngoja mdogo wake, sasa alijua kuwa alifia Burma. Siku hiyohiyo akanipa Naishiye.

Ganda tumelirithi sisi. Tukilijaza ugoro jioni, asubuhi umepungua, na chafya tatu husikika chumbani. Wajukuu wananisingizia mimi. Niamini, mimi sinusi!

Basi nawe ukienda kuokota maganda kule, beba ugoro, na usalimie kwanza. Na kama una ahadi kwa kaka yako, itimize ungali hai, usije ukahangaika kutafuta wa kukubebea.