Kamera Kubwa, Kamera Ndogo na Bega Langu la Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga picha hata moja. Nilifika katika studio ile ya Thika mjini saa mbili kasorobo asubuhi, nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu, nikamkuta mwenye studio akifagia mlangoni. Kadi yake ilimwita Mkurugenzi, ingawa wafanyakazi tulikuwa wawili tu, na mmoja ndiye mimi. Hakuniuliza cheti. Alinitazama mikono, akaingia ndani, akatoka na kamera nyeusi yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, akanivika mkanda wake shingoni.

"Kaa nayo hivyo," akasema.

"Nifanye nini, sir?"

"Usimame. Ukichoka niambie, urudi kwenu Makongeni."

Nilisimama mpaka saa sita na nusu. Wateja waliingia, wakapigwa picha za pasipoti, wakatoka, na mimi niko pale kando ya pazia kama nguo iliyoanikwa. Shingo iliwaka moto. Baba yangu alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi, akisimama mbele ya mashine, na sikutaka kwenda kumwambia nimeshindwa kusimama nusu siku. Mkurugenzi aliponivua ule mkanda aliniambia, "Jicho kila mtu analo, Wairimu. Kinachotafutwa hapa ni shingo."

Nilicheka kwa sababu alicheka. Sikujua alikuwa anaeleza ukweli wa kazi nzima.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushika. Viwiko vibane mbavu. Mkono wa kushoto ubebe lenzi kutoka chini, kama unavyombeba mtoto kichwa. Mkono wa kulia ushike kishikio, kile kinundu cha mbele chenye mpira, vidole vitatu vikumbatie na kidole cha shahada kibaki huru kwa kazi ya kubonyeza. "Kidole cha mwisho kikikosa mahali pa kukaa," alisema, "kesho mkono wote utalia." Nimepiga picha miaka zaidi ya ishirini na mitano baada ya hapo, na sijapata fundisho lililozidi hilo.

Kamera ile ya kwanza ilikuwa ya filamu, lakini ndani ilikuwa na kioo, kama zile za dijitali zilizofuata ambazo tuliziita DSLR. Kioo hicho hukaa kimeinama nyuma ya lenzi, kikirusha mwanga juu hadi kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo huruka juu, mwanga hupita, picha hupatikana, kioo hurudi chini. Mlio wake ni kla-klak. Kwa sababu kioo kinahitaji nafasi ya kuruka, kamera haina budi kuwa nene. Na zile tulizoziita fremu kamili, ambazo sensa yake, ile sahani ya ndani inayopokea mwanga badala ya filamu, ni kubwa sawa na kipande kimoja cha filamu ya zamani, zilikuwa nene na nzito zaidi, maana kioo kilikua pamoja na sensa.

Kutoka Thika nilihamia Ruiru, katika kampuni ya picha za harusi na mahafali. Huko nikawa chini ya Msimamizi wa Picha, mama mmoja mrefu aliyekuwa na desturi ya kukagua viatu vyetu kabla hajakagua kamera. Sheria yake ilikuwa moja: kila mpiga picha avae kamera mbili, moja ya lenzi fupi upande wa kushoto, nyingine ya lenzi ndefu upande wa kulia. Ile ya kulia, pamoja na lenzi yake, ilishinda pakiti ya unga ya kilo mbili. Tulianzia kwa bibi harusi anapovaa, labda mtaa wa Githurai 45 kwenye ghorofa ya nne, tukaenda kanisani, bustanini na ukumbini, mpaka keki ikatwe. Kazi ya muda wa saa kumi na moja, kumi na mbili hivi.

"Mteja akiona kamera kubwa anatulia," Msimamizi alipenda kusema. "Akiona ndogo anafikiri umeletwa na mjomba wake wa ng'ambo."

Sitadanganya, nilizipenda kamera zile. Kishikio kilijaza kiganja mpaka ukahisi umeshikana mkono na mtu. Betri moja ilitoka na wewe asubuhi na kurudi na wewe jioni. Na ule mlio! Wazee wa huku kwetu walijinyoosha, wakangoja kla-klak, ndipo wakasema "asante" na kuanza kupumua. Ulikuwa mlio wa kazi iliyofanyika. Hata sasa nikiusikia kwenye sherehe ya watu moyo wangu hugeuka kuutafuta.

Lakini bega lilikuwa linasema. Mwanzo lilisema Jumapili tu, baada ya harusi ya Jumamosi. Baadaye likasema na Jumanne. Kisha vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, nikawa navisugua kwenye sketi huku mchungaji akihubiri. Sikumwambia mtu. Katika kazi ile, kusema unaumwa kulikuwa sawa na kusema umezeeka.

Ndipo ikaja harusi ya Wangari.

Wangari alikuwa binti wa mwalimu mstaafu wa Kahawa Sukari, na harusi ilifanyiwa Ruiru. Cucu yake, yaani nyanya yake, mama mzazi wa yule mwalimu, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Kila mtu alijua cucu hasimami tena. Baada ya viapo, watu wakipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, Wangari aliinama kumsalimia, na yule cucu akashika mikono ya kiti, akajiinua. Alisimama. Alimshika mjukuu wake mashavu kwa viganja viwili, akasema kitu kilichomezwa na ngemi.

Mimi nilikuwa hatua sita mbele yao, mahali pazuri kuliko mtu yeyote. Niliinua kamera ya kulia. Vidole havikushika. Nilivitazama vikiteleza kwenye kishikio kana kwamba ni vya mtu mwingine, kamera ikaanguka kwa mkanda wake, ikanigonga nyongani. Nilipapasa ile ya kushoto. Nilipoifikisha machoni cucu alikuwa ameshaketi, anafutwa jasho.

Mwenzangu alikuwa nje akipanga magari. Waliokuwa na simu walikuwa wanalia.

Miezi miwili baadaye cucu alifariki. Wangari alikuja ofisini na mama yake kutafuta picha hiyo ya kuweka kwenye kitabu cha mazishi. Msimamizi alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Waambie faili iliharibika. Hutokea."

Ni kweli hutokea. Nilirudi kwenye meza nikiwa na maneno hayo mdomoni, na Wangari akaniangalia kwa matumaini makubwa hata nikashindwa.

"Sikuipata," nikamwambia. "Mkono ulikufa ganzi. Nilikuwa pale na sikuipata."

Mama yake akamwita Mungu, "Ngai!" kisha akafunika mdomo. Wangari aliinuka. Alichukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Afadhali umesema, anti. Tungekaa tukingoja."

Wiki hiyo nilikwenda kwa daktari wa viungo. Alinishika bega, akanigeuza shingo huku na huku. "Umebeba nini miaka hii yote? Magunia?"

"Harusi," nikajibu.

Hakucheka. Aliniambia neva za shingoni zimebanwa, na kwamba nikiendelea hivyo nitapoteza mkono. Njiani kurudi nilimkumbuka Mkurugenzi wangu wa Thika na namna alivyotembea ameinamia kulia. Miaka yote nilidhani alikuwa na mguu mfupi.

Kamera zisizo na kioo, zile vijana wanaziita mirrorless, zilikuwa zimeanza kuonekana mjini. Kioo kikiondolewa, unachochungulia ni skrini ndogo inayoonyesha kile sensa inachokiona. Nafasi ya kioo haihitajiki tena, kwa hiyo mwili wa kamera unakonda. Nilinunua moja ya fremu kamili, iliyotumika, nikaipeleka kazini. Msimamizi aliizungusha mkononi kama mtu anayekagua embe bovu.

"Hapa hatupigi harusi na kibiriti, Wairimu."

"Picha ni zile zile, madam."

"Mteja halipii picha tu. Analipia kuona kazi." Akanirudishia. "Chagua."

Nikachagua. Niliondoka kampuni hiyo nikiwa na umri ambao wengine wanaanza kuhesabu siku za kupumzika.

Ningependa kuwaambia vijana kwamba kamera ndogo iliniponya hapo hapo, lakini haikuwa hivyo. Mwili wake ulikuwa mfupi hata kidole changu cha mwisho kikaning'inia hewani, na fundisho la Mkurugenzi likatimia: kufikia saa nane mchana kiganja kilikuwa kimekakamaa. Tena nilifanya kosa la wengi. Niliifunga lenzi ndefu nikidhani sasa nimepona uzito. Kioo kilikuwa kimeondoka, ndiyo, lakini sensa ilikuwa kubwa vile vile, na lenzi ya kujaza sensa kubwa mwanga lazima iwe na vioo vyake vikubwa vya kupitisha mwanga. Sasa nikawa na lenzi nzito mbele ya mwili mwepesi, kitu chote kinainamia chini kama ng'ombe anayetafuta maji. Mkono wa kushoto ukaanza kuuma badala ya wa kulia. Betri nazo zilikwisha kabla ya keki. Nilitembea na nne mfukoni, zikigongana kama karanga.

Mwaka ule nusura nirudi kwenye kamera ya kioo. Kilichonizuia ni bega. Niliuza lenzi ndefu nikanunua mbili fupi, nyepesi, zisizovuta picha karibu. Niliongeza kipande cha kishikio chini ya kamera ili kidole cha mwisho kipate makao. Ikawa nzito kidogo, lakini heri uzito unaoshikika kuliko wepesi unaoteleza. Na nilichokuwa nikikifanya kwa lenzi ndefu nikakifanya kwa miguu. Nikitaka uso wa mtu, namwendea. Wateja wengine walinikataa walipoiona. Wengine wakazoea.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa Wangari. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu siku ile ya ofisini.

"Anti, baba ni mgonjwa," alisema. "Ametoka hospitali, wamesema akae nyumbani. Hatuna picha yake nzuri, yeye hapendi kamera. Utakuja?"

"Wangari, una hakika unaniita mimi?"

"Wewe utaniambia kama umeipata ama hujaipata."

Nilikwenda Kahawa Sukari Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuwa kwenye kitanda walichokisogeza sebuleni karibu na dirisha. Aliponiona na mfuko alikunja uso.

"Mimi sitaki hizo kelele," akasema. "Hospitali ilikuwa inalia usiku na mchana."

"Hii hailii, mwalimu."

"Kamera isiyolia ni ya wezi."

"Basi mimi ni mwizi. Nipe chai."

Akatabasamu kidogo. Nilikaa kwenye kigoda, kamera mapajani. Kwa kuwa haina kioo nilizima mlio wake kabisa, na skrini ya nyuma nikaivuta juu ili niitazame kwa chini, bila kuziba uso wangu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukielewa kazini. Miaka yote watu walikuwa wakitazama chuma cheusi mahali palipopaswa kuwa na uso wangu. Mwalimu alinitazama machoni. Tuliongea habari za wanafunzi wake waliokuwa wakiruka ukuta, za kahawa ya baba yake, za mama yake aliyeinuka kanisani.

"Siku ile nilikuwa nyuma yake," akasema. "Nilisikia alichomwambia Wangari."

Wangari, aliyekuwa anamimina chai, akasimama. "Baba, hujawahi kusema. Mimi mwenyewe sikusikia. Nilikuwa nalia."

"Hujawahi kuuliza. Alikuambia, 'Usinishike, nasimama mwenyewe.'"

Wangari akacheka na machozi yakamtoka wakati huo huo, akaketi ukingoni mwa kitanda, na baba yake akanyoosha mkono akamfuta. Kidole changu kilikuwa kinabonyeza. Hakuna aliyesikia chochote. Nilibadilisha betri mara moja, chini ya leso niliyoitandaza mapajani, nikaendelea. Nilipomaliza, mwalimu aliniuliza nitaanza kupiga saa ngapi.

Nilimwonyesha Wangari skrini. Aliitazama kwa muda.

"Umeipata," akasema.

Mwalimu alizikwa mwezi uliofuata, na picha hiyo ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza.

Nilifanya kazi miaka michache zaidi, kisha nikaacha. Vijana huniuliza ipi ni bora, nami huwaambia washike kwanza, wasisome kwanza. Kamera kubwa ilinipa mkono uliotulia na heshima za watu, ikala bega langu. Ndogo ilinirudishia uso wangu, ikanidai betri, kishikio na miguu. Hakuna iliyonipa bure. Natamani tu kwamba mtu angenieleza mapema kuwa mwili nao ni kifaa cha kazi, na hauna duka la vipuri.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Ruiru, mara yangu ya kwanza kwenda nikiwa mgeni tu. Nilikaa safu ya nne, mikono mitupu mapajani. Mchungaji alianza kusoma viapo, na nikagundua sijawahi kuvisikia hadi mwisho. Siku zote wakati huo nilikuwa natafuta mwanga. Walivisema polepole, kijana akikosea na kuanza tena, msichana akimngoja. Nililia hadi mama aliyeketi kando yangu akaniuliza kama bwana harusi ni mwanangu.

"Hapana," nikamwambia. "Simjui hata jina."

Akanipa kitambaa. Baadaye tulikwenda pamoja kupanga foleni ya chakula, nikala mukimo wa harusi, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, kwa mara ya kwanza ukiwa bado moto.