Nilibadilisha Mfuniko wa Mashine, Nikamficha Mke Wangu

Kosa ni langu. Nasema mapema ili mtu asifike katikati akaanza kuwalaumu askari, au yule Mkongomani aliyeniuzia mashine. Askari walikuwa na makosa yao, tena mengi, lakini hili la leo ni langu peke yangu. Jina sitaji. Mke wangu yupo hai, amenikataza kuitoa hadithi hii nje ya Luzira, na mjukuu wetu humsomea kila kitu chenye maandishi, hata karatasi iliyofungia sukari.

Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa na boti pale Port Bell, bandari ya ziwani, nikibeba watu na matooke, zile ndizi za kupika, kutoka visiwani. Boti yenyewe ilikuwa nzuri. Mashine ndiyo ilikuwa aibu! Ikiwaka, inatoa moshi mpaka abiria wanatambuana kwa kikohozi. Mfuniko wake wa juu ulikuwa umebonyea, umefungwa waya, rangi imeisha yote. Ndani, bomba la petroli lilipasuka nikalifunga kwa kipande cha kitenge cha manjano, ambacho mke wangu alikichana mwenyewe kwenye nguo yake akanipa. Kikumbukeni kitenge hicho, nitakirudia.

Siku moja ikazima moja kwa moja, mbali na nchi kavu, na abiria wakapiga kasia kwa sahani na ndala mpaka mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, wakinitukana njia nzima. Fundi aliifungua, akachungulia, akaifunga, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Pistoni ilikuwa imeshikana. Spea hakuna, maduka yalikuwa matupu, na Wahindi waliokuwa wakizileta walikuwa wamekwisha kufukuzwa nchini.

Sasa mke wangu, nimwite Mama Halima, alikuwa na cherehani aliyoachiwa na mama yake. Ilikuwa fahari yake. Nikapata habari kwamba Kikuubo, kule sokoni mjini, yupo Mkongomani mwenye mashine iliyotumika, kampuni moja na yangu, ukubwa uleule, lakini hataki noti, maana noti za siku zile zilikuwa hazinunui kitu. Anataka kitu cha kushikika. Nilimweleza Mama Halima, akashinda akishona siku nzima. Jioni akaifunika cherehani kwa shuka, akasema, "Ipeleke kabla sijageuza moyo."

Mashine ikaja. Imetumika, ndiyo, lakini na mtu mwenye adabu. Ya buluu, inang'aa, ukivuta kamba mara moja tu inaitika. Mama Halima aliifuta kwa kanga yake akicheka, akisema sasa cherehani yake itatembea visiwani.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja, jamani!

Siku zile kitu kizuri kikionekana kinachukuliwa. Gari, redio, hata ng'ombe. Askari akikichukua utamwuliza nani? Basi nikapata wazo. Ijumaa, watu wote wako msikitini, nikasema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani. Nikavua mifuniko yote miwili nikaibadilisha. Ile mashine nzima ya Mkongomani nikaivalisha ule mfuniko uliobonyea, na ule mzoga wa zamani nikauvalisha mfuniko wa buluu. Nikarudi nyuma nikatazama. Mwenyewe nilikaribia kudanganyika.

Mke wangu aliporudi nikamwambia nimeifufua ile mashine yetu ya zamani, na ndiyo nitakayoitumia kwa sasa. Hii ya buluu tuiweke chini ya kitanda mpaka nchi itulie.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli, na yeye ndiye aliyetoa cherehani yake. Wallahi naona haya. Nilijiambia mwanamke hana kifua. Nilimwona kwa macho ya akili anasimulia kwenye foleni ya maji, na kabla ya adhuhuri Luzira nzima inajua. Hakuwahi kunitolea siri hata moja tangu nimwoe, lakini hilo sikulifikiria.

Mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mashine yenye sura ya kopo ilikuwa inanguruma vizuri ajabu, na watu mwaloni wakawa wananiita daktari. Mama Halima akawaambia majirani mume wake ana mikono ya fundi. Nilitabasamu nikazipokea sifa zote. Jioni naibeba begani mpaka nyumbani kama tulivyofanya wote wenye maboti, maana mwaloni wezi walikuwa hawalali.

Ikafika siku nilikwenda mjini kupanga foleni ya petroli. Nyuma yangu huku, kikosi kilichokuwa kinawinda magendo ziwani kikaanza kukusanya mashine za boti nyumba kwa nyumba.

Yaliyotokea alinisimulia yeye. Aliposikia gari la jeshi kwa jirani, aliivuta ile ya buluu kutoka chini ya kitanda. Mashine ile mimi mwenyewe nikiibeba naguna! Akaipandisha kitandani peke yake, akaifunika blanketi, juu akaifunga kitambaa cha kichwa, chini akaweka beseni. Afande akaingia chumbani, akauliza nani huyu amelala. Akajibiwa ni mama mkwe, ametolewa hospitali ya Mulago, ana kipindupindu. Afande alirudi kinyumenyume mpaka akakanyaga sufuria ya mboga. Mama yangu, wakati huo, alikuwa Bombo, mzima, anagombana na watu.

Kisha Mama Halima akamwonyesha ile iliyobonyea, pale pembeni.

Afande akaipiga teke kidogo, akacheka. "Mama, hii takataka iko nafanya kazi kweli?"

Nisikilizeni vizuri hapa. Yule mtu hakuitaka! Alikuwa amegeuka anaondoka zake. Lakini Mama Halima aliogopa kwamba akikosa kitu atakasirika, ataanza kupekua, atafika kitandani. Basi akaanza kuisifu. Akaapa kwamba jana tu imetoka kisiwani na mzigo, kwamba haijawahi kuzima, asiangalie sura yake. Mwisho akasaidia kuibeba mpaka kwenye gari. Wakamshukuru.

Narudi jioni na jerikeni langu, nasikia harufu ya kuku. Nikajua kuna heri. Mke wangu akanishika mkono, viganja vyake vimechubuka, akanipeleka chumbani akafunua blanketi.

"Nimeiokoa, Baba Halima," akasema. "Wamechukua ile mbovu."

Nikaketi kitandani, karibu na mgonjwa. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani. Yeye akadhani ni furaha, naye akaanza kulia, na ikabidi nimbembeleze.

Tukala kuku. Sikusikia ladha yoyote. Katikati ya chakula akasimamisha tonge, akafikiri kidogo, akasema kumbe tungekuwa na akili, tungeivalisha hii nzuri mfuniko wa ile mbovu, tusingehangaika hata kidogo. Nikapaliwa. Alinipiga mgongoni mpaka nikapata pumzi, na hata hapo, kwa hiyo nafasi aliyonipa, sikusema.

Siku zilizofuata niliugua kila ugonjwa. Mara mgongo, mara petroli ina maji, mara plagi hazifai. Yeye ananikanda mgongo kwa mafuta, ananipa pole. Nikatamani anitukane. Hatimaye akachoka kuona boti imekaa na watoto wanakula muhogo mtupu. Nilipoamka asubuhi moja nikakuta amekodi mkokoteni, mashine ya buluu imekwisha fika mwaloni, na abiria amewaita yeye.

Nikaifunga kwenye boti. Nikavuta kamba. Haikwenda hata shibiri moja. Nikajifanya nagusa kitu hapa, napuliza kitu pale. Nikavuta tena, mguu kwenye ubao, mishipa ya shingo imenisimama. Abiria wanachungulia. Mama Halima amesimama kwenye maji mpaka magotini, ananitazama kwa matumaini.

"Fungua mfuniko," akasema.

Nikamwambia mashine mpya haifunguliwi hovyo. Akapanda botini, akafungua vishikizo mwenyewe, akainua ule mfuniko wa buluu.

Kitenge cha manjano hicho hapo.

Alikishika kwa vidole viwili. Akaniangalia, akakiangalia, akaniangalia tena. Niliona hesabu yote inapita usoni mwake, cherehani, Ijumaa ile ya tumbo, mpaka gari la jeshi. Mwaloni pale pana makelele saa zote, lakini wallahi nilisikia ndege.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Watu wenye bunduki niliwadanganya wakiwa wamesimama chumbani kwangu, nikavunja mgongo kwa ajili yako. Wewe uliona siri ya mfuniko itanishinda mimi?"

Nikavuta kamba tena.

Akashuka na ule mfuniko wa buluu, akajitwika kichwani, akaenda nyumbani. Kuku wakatagia humo miaka mingi. Mimi nikarudia kasia. Nilikuwa napiga kasia juani, mikono imevimba, na huku mashine yangu inanipita na askari juu yake, na sura yake ileile ya kopo, inanguruma! Mara moja yule afande akanipungia mkono. Nikampungia.

Lakini kasia halikuniuma kama kumwona Mama Halima akishona nguo za watu kwa mkono dirishani, sindano moja moja, macho karibu na kitambaa. Hakunikumbusha hata siku moja. Nilitamani anikumbushe.

Utawala ule ulikuja kuanguka, nikajikokota, na baada ya miaka mingi nikamletea cherehani. Nimeiweka mezani, nasubiri vigelegele. Akaenda jikoni, akarudi na bisibisi, akaipindua, akaifungua tumbo, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akafunga kila skrubu.

"Haya," akasema. "Leo ni yenyewe." Akatunga uzi.

Mwanamume mwenzangu, kama kuna kitu umemficha mkeo kwa kuwa unaogopa mdomo wake, mwambie leo. La sivyo siku ya shida ataitetea ile mbovu kwa nguvu zake zote, na ile nzima ataibeba mwenyewe kuwapakilia wezi garini, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Yeye amekaa na aibu yangu hii miaka yote, hajamwambia hata mama yangu kwamba aliwahi kuwa na kipindupindu. Na mimi, niliyesema wanawake hawana kifua, ndiye ninayewamwagia ninyi wote hapa.

Mjukuu akifika ukurasa huu, mimi nitakuwa msikitini. Safari hii tumbo haliniumi.