Mzee Aliyewekwa Rehani

Mume wangu alipanda gari la moshi pale Kitale nikiwa na mimba changa, na aliporudi mtoto wetu alikuwa tayari anatumwa dukani. Katikati hapo nilimjua kwa habari tu, na habari zenyewe zilikuwa chache.

Alikuwa dereva. Mzungu aliyemwajiri alikuwa afisa wakati wa vita, na mume wangu ndiye aliyemwendesha huko kaskazini mpaka vita vikaisha. Baadaye yule mzungu akachukua shamba la mahindi nje ya Kitale, nasi tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mahindi yalimshinda. Serikali yao ilipomwita tena kazini ilimpeleka Uarabuni, kwenye milima iliyo nyuma ya bandari ya Aden, awe bwana shauri wa mpakani, afisa wa serikali kwa makabila ya huko. Akamwomba dereva wake waende pamoja. Mume wangu aliniuliza mimi kabla ya kumjibu, jambo ambalo wanaume wengi wa wakati ule hawakulifanya. Nikamwambia aende, kwa sababu nilimwona usoni kwamba moyo wake umeshakwenda.

Alinipeleka kwa mama yake, upande wa Kimilili, na huko ndiko nilikojifungua binti. Mama mkwe alinipenda kwa namna yake ya kununa. Kila siku ya soko aliwauliza wachuuzi waliotoka Kitale kama huko Uarabuni mvua imenyesha, na wao, kwa huruma, walimjibu kwamba imenyesha vizuri. Mchungaji wetu alimwombea mume wangu kanisani akimtaja kuwa yuko katika jangwa walilopita wana wa Israeli, na mimi niliinamisha kichwa nikijaribu kumwona akiendesha gari katikati ya watu wa Musa.

Alirudi bila kutangaza. Nilikuwa naanua kahawa ya baba mkwe kwenye mikeka, nikaona mtu mwembamba amesimama kwenye njia ya ng'ombe, amevua kofia. Sikumkimbilia. Niliona haya kama siku ya posa, nikabaki nimeshika ungo. Yeye naye hakusogea mpaka mama yake alipotoka na kuanza kulia.

Binti yetu alimwita mgeni. "Mgeni ataondoka lini?" aliniuliza mbele yake. Nilitaka kumkanya, lakini mume wangu akanizuia kwa mkono, akasema tumwache, ana haki ya kuuliza. Hakumvuta wala kumhonga kwa vitu. Kila asubuhi alikaa uani na sufuria dogo, akichemsha maganda ya kahawa, yale tuliyokuwa tunayatupa kwenye migomba, akitia tangawizi na sukari kidogo. Mwanzoni nilidhani shida imemfuata kutoka huko. Kumbe ndivyo wanavyokunywa wenyeji wa milima ile. Mtoto alivutwa na harufu ya tangawizi. Siku ya kwanza alisimama mbali, baadaye akakaa kwenye kizingiti, na kabla ya msimu wa kupalilia kufika alikuwa anakunywa kutoka kwenye kikombe cha baba yake, amejilaza kwenye goti lake.

Mimi nilichukua muda mrefu kuliko mtoto. Alikuwa mpole kuliko nilivyomkumbuka, na upole ule ulinitia wasiwasi, maana sikujua umetoka wapi. Mchana mmoja wa mvua tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kunywa maganda. Akanisimulia.

Kule mpakani, alisema, Waingereza walikuwa upande huu na Imamu, mfalme wa nchi jirani, alitawala upande wa pili, na katikati yalikaa makabila yasiyotaka kutawaliwa na yeyote. Bwana shauri aliwapa mashehe bunduki na mshahara ili barabara ibaki wazi. Imamu naye aliwapelekea bunduki na zawadi ili barabara ifungwe. Kuna shehe aliyepokea kwa wote wawili, na mume wangu hakumlaumu, alisema hata yeye angepokea kama nyumba yake ingekuwa pale kati. Lakini bwana shauri alichoka naye. Alimtaka shehe atoe mtu wa damu yake akae ngomeni, ili kabila likivunja ahadi, mtu huyo awe mikononi mwa serikali. Shehe akamtoa kaka yake, mzee wa ndevu nyeupe. Wenyeji walikuwa na neno la mtu kama huyo, na mume wangu alilitambua mara tu alipolisikia, kwa sababu kule Kitale alikuwa ameona mtu akiiacha baiskeli yake dukani kwa neno hilohilo. Rehani.

Mzee hakufungwa minyororo. Alipewa chumba, na dereva akaambiwa amwangalie siku ambazo gari halitoki. Hawakuwa na lugha moja. Mume wangu hakujua Kiarabu, na Kiswahili chenyewe alikuwa amekiokota jeshini na mashambani. Ila siku moja mzee alionyesha kopo akasema neno la sukari, na mume wangu akashtuka, akasema sukari. Mzee akaonyesha sahani. Ikawa sahani. Wakaendelea hivyo, asali, dawa, safari, wakati, dunia, wakicheka kama watoto waliookota vitu barabarani. Kwa maneno hayo machache wakaweza kuulizana habari za nyumbani. Mzee alikuwa na wajukuu na shamba la kahawa mlimani, kwenye matuta ya mawe kama ngazi. Mume wangu alimwambia ana mtoto ambaye hajamwona. Tangu hapo mzee alianza kila asubuhi kwa kumuuliza mtoto anakula nini sasa, na mume wangu, asiyejua, alibuni. Alisema anakula viazi vitamu. Nilipomwambia kwamba kweli binti alianza kwa viazi vitamu, aliacha kupukuchua.

Kisha kabila likaifunga barabara. Watu waliuawa kwenye msafara. Amri ilikuja kwa redio kwamba ndege zitavunja kijiji cha shehe, na kwanza zikarusha karatasi za onyo ambazo wengi wa kule hawakuweza kuzisoma. Bwana shauri alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya kazi yake. Alimchukua mzee ndani ya gari, wakapanda mpaka ukingo wa bonde, ili mzee awapigie kelele ndugu zake wafungue njia. Upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni kuja kwao ukingoni. Sauti haikufika.

Mzee akaomba ashuke mwenyewe. Bwana shauri akakataa. Akimwachia atakuwa amepoteza kitu pekee alichonacho.

Hapo ndipo mume wangu aliposema neno ambalo hakuulizwa. Aliniambia hata yeye alishangaa kujisikia.

"Bwana, mwache ashuke. Atarudi."

"Unajuaje?"

"Namjua."

Yule mzungu akamwambia mzee kwa Kiarabu kwamba dereva amemdhamini, kisha akamwonyesha njia. Wakakaa karibu na gari wakimtazama akishuka, fimbo mkononi, mpaka akawa kitu kidogo cheupe kati ya kuta za mawe. Kwa mbali waliona watu wakikusanyika, wakatengana, wakakusanyika tena. Baadaye wanawake walianza kutoka na watoto na mbuzi, wamebeba magodoro vichwani, wakielekea mapangoni upande wa pili. Wanaume hawakutoka haraka. Muda wa ndege ulikuwa umekaribia na mume wangu alikuwa ameshaamini kwamba mzee amebaki na watu wake, na moyoni, alisema, alitamani iwe hivyo.

Lakini mzee alirudi. Alipanda polepole, anapumua kwa shida, akakaa chini karibu na gurudumu. Alisema shehe amekataa kufungua barabara, ila nyumba sasa ni tupu. Ndege zikaja. Aliangalia nyumba yake mwenyewe ikigeuka vumbi, na hakufunika uso.

Mume wangu alimuuliza kwa maneno yao yale machache kwa nini amerudi. Mzee akamjibu, "Nisingerudi, wangekuuliza wewe."

Nilimuuliza mume wangu alimjibu nini. Alisema alichukua maji ya gari akammiminia mikononi, mzee akanawa vumbi usoni na kwenye ndevu, na walipomaliza wakapanda gari, wakarudi ngomeni.

Nililia pale barazani, mahindi mapajani. Sikuwa nalia kwa ajili ya mzee peke yake. Nilikuwa nimeelewa kwamba mume wangu hakuwa peke yake kule, kwamba kuna mtu aliyemlinda. Tangu siku hiyo ule woga wangu ulianza kuniacha.

Mwaka uliofuata bwana shauri mwenyewe alikuja Kimilili kwa gari, amekuja likizo kuuza lile shamba lake la Kitale. Nilimpa chai na ndizi za kuchemsha. Alikuwa amezeeka. Alituambia barabara ilifunguliwa mwishoni kwa mazungumzo, si kwa ndege, na mzee ameachiwa na amerudi kwake, wanajenga upya. Kisha akamwomba mume wangu warudi pamoja.

Mume wangu alimpakata binti. "Bwana, huko nilipata rafiki na nimeshukuru. Lakini mtoto huyu amenizoea juzi tu. Siwezi kwenda."

Mzungu hakubishana. Alikunywa kikombe cha pili, akamshika mama mkwe mkono, akaondoka akiendesha mwenyewe, vibaya, akigonga kila jiwe hadi barabarani.

Mume wangu akapata kazi ya lori la mfanyabiashara mmoja, kubeba mahindi kutoka Tongaren na Kimilili hadi stesheni ya Bungoma. Alilala nyumbani siku nyingi. Nilizoea mlio wa lori lile kiasi kwamba niliutambua likiwa bado ng'ambo ya mto, likibadilisha gia kwenye mlima, nami nikainuka kumtengea maji ya kuoga.