Ngamia wa Kaka Hamisi

Mnisome taratibu, mimi shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa nyuma. Nimeenda Guangzhou, Uchina, kwa sababu kaka yangu Hamisi alifia kule na akazikwa kulekule. Wafanyabiashara wenzake walichanga tiketi ili mmoja wetu akaone kaburi na kuchukua begi lake.

Mama akaniongezea kazi. Sebuleni kwetu Korogwe kuna picha za kaka akiwa Dubai: chini ya ule mnara mrefu, kwenye theluji ya ndani ya jengo, na juu ya ngamia mchangani.

"Ndege si inapita Dubai?" mama akasema. "Kasimame pale mnarani aliposimama mwanangu. Upige picha, nikuone."

Dubai tulifika asubuhi. Nikamwona mfagiaji wa uwanja wa ndege, Mkenya, nikamwambia naomba njia nikamsalimie ngamia.

"Bila visa hutoki, bro," akasema. "Mimi niko hapa mwaka wa pili, huyo ngamia mwenyewe sijamwona."

Masaa saba mazima nimekaa kwenye kiti cha chuma. Mnara niliuona kupitia kioo, mwembamba kama sindano, mara vumbi likaufunika. Nikawa najiuliza: kaka yeye alitokaje?

Guangzhou nilipokelewa na dada Rehema wa Tanga, anayewapikia wafanyabiashara pilau mtaa wa Dengfeng. Akanikagua juu mpaka chini.

"Wewe ndo mdogo wake Hamisi? Mbona mfupi hivyo?"

"Urefu wote alichukua yeye, dada."

Akacheka, halafu kicheko kikamgeuka, akajifuta macho kwa mtandio.

Kesho yake asubuhi tukaenda makaburini. Jiwe la kaka lina namba na maandishi nisiyoyajua. Nikachuchumaa nikawa nang'oa majani, na wala hapakuwa na majani.

Mchana, tukirudi Dengfeng, tukapita kibanda cha picha jirani na wauza simu. Ukutani kuna picha ya Mkongo kapanda ngamia. Nikasimama.

"Dada, huyu ngamia namjua. Yuko kwetu sebuleni."

Rehema akatazama chini. "Mdogo wangu, kwa tiketi zetu hizi za bei rahisi, nani anatoka pale uwanjani? Wote tunasinzia kwenye viti. Tukifika huku tunapiga hapa, tunatuma nyumbani. Wanafurahi."

"Na ile theluji?"

"Koti alilovaa ni langu."

Mwenye kibanda alikuwa mzee wa Kichina. Kila mwenye duka pale wanamwita laoban, yaani bosi. Rehema alipomwambia mimi ni nani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akafungua kompyuta. Kaka huyo, chini ya mnara, meno yote nje. Nikasimama mbele ya kitambaa cha kijani. Laoban akabonyeza, kaka akatoka. Akabonyeza tena, nikatokea mimi, palepale.

Akakataa kulipwa.

Siku ya kurudi, Dubai tena, viti vilevile. Begi la kaka nikalipakata.

Korogwe, mama aliishika ile picha muda mrefu.

"Kulikuwa na joto?"

"Usiseme, mama! Ngamia wanaomba mwavuli."

Hakucheka. Akapitisha kidole pale chini ya miguu yangu.

"Jua lote hili, na kivuli huna. Na kaka yako hakuwa nacho, tangu picha ya kwanza."

"Kumbe ulijua, mama?"

"Nilijua. Nilikuwa namtazama usoni, kama amekonda."

Akaenda kutafuta msumari. Nikabaki na picha za kaka pale ukutani, nikazitazama moja moja. Ya mwisho, ile ya koti la Rehema, mashavu yameingia ndani kabisa. Miaka yote ile mimi nilikuwa naangalia mnara.