Shoti Bila Umeme

Neno ambalo mkaguzi wa mioto ya umeme hakuweza kulivumilia ni "shoti". Miaka kumi na tisa amekuwa akipekua majivu, na kila mwenye jengo humpokea nalo mdomoni kama salamu. Safari hii aliyempokea alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye karakana ya sofa iliyoteketea Jumapili.

"Ni shoti tu, shemeji. Andika hivyo yaishe."

Mkaguzi alipiga magoti kwenye masizi, akachambua nyaya moja moja. Hakuona hata kishanga kimoja cha shaba, kile kinachoachwa na waya wenye umeme ukigusana na mwenzake.

Shemeji akapandwa na hasira. "Unanichimba mimi, ndugu wa mumeo? Unadhani nilizembea? Kila nikifunga nazima swichi kubwa. Jumapili nilizima kwa mkono wangu huu, muulize mlinzi."

Mkaguzi akapangusa masizi kwenye swichi kubwa ukutani. Kishikio kilikuwa kimeyeyuka kikiwa kimeshushwa, upande wa kuzima.

"Nakuamini," akasema, akafungua daftari. "Sasa niambie hiyo shoti ilipata wapi umeme."